Sahani Iliyorudi Tupu

Wazazi wenzangu, kaeni vizuri, maana leo sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nitawaeleza habari ya nyumba moja ya Kisegi, kule kando ya ziwa, na ya mtoto wa miaka kumi aliyeitwa Rispa. Mtoto huyu alikaa miezi mitano na siri iliyokuwa ikimuua dada yake, na katika miezi hiyo yote hakuna mtu mzima aliyemuuliza lolote.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Machi, mwaka wa tisini na sita. Jua lilikuwa zuri, upepo mdogo, na omena, wale dagaa wa ziwani, zilizotandazwa juu ya nyavu zilikuwa zimeanza kukauka. Rispa na dada yake mkubwa, Celestine, walikuwa wakizigeuza kwa mikono, na mama yao, Orpah, alikuwa akifukuza kuku kwa kijiti huku akiwasimulia vituko vya wachuuzi wa soko la Magunga. Mdogo wao Caren, wa miaka sita, alikuwa amelala kivulini. Celestine alikuwa na miaka kumi na mitano, yuko darasa la nane, na mwaka huo alikuwa amekua ghafla hata sare ya shule ikambana. Alikuwa akicheka hadi anashika mbavu.

Ndipo akaja Nicanor. Huyu alikuwa mvuvi mwenye mashua mbili, na Orpah alinunua omena kwake. Mnaoijua biashara ya ufuoni mnaelewa: samaki wakiwa haba, mvuvi ndiye anayechagua mwanamke wa kumuuzia, na wako wanaochagua kwa sababu zisizosemwa mbele ya watoto. Nicanor alisimama, akaweka mikono kiunoni, akamtazama Celestine kuanzia kichwani hadi miguuni.

“Mama Celestine,” akasema, “wewe umechoka kusukumana na wenzako majini. Huyu binti yako amekuwa mtu mzima. Siku moja mtume yeye kwangu. Ndoo yake haitarudi bure.”

Orpah akacheka. Hakuwa na furaha; alicheka kile kicheko cha mchuuzi asiyetaka kumuudhi anayempa mali. “Wewe Nicanor nawe,” akasema, akaendelea kufukuza kuku.

Rispa alidhani dada yake amesifiwa. Lakini Celestine alijifunika mabega kwa leso, akainamia omena, na hakucheka tena mchana ule.

Sasa niwaeleze mambo ya chakula pale nyumbani, kwa sababu hapo ndipo kosa lilipojificha. Kwa Waluo wengi wa wakati ule, msichana akishakua halali nyumba ya wazazi wake. Celestine na Rispa walilala kwa nyanya yao, mama ya baba, waliyemwita dani. Jioni ugali ulipikwa jikoni kwa Orpah ukapelekwa huko: sahani ndogo ya dani, na sahani moja kubwa ya wasichana wawili. Dani alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuona ukipita mlangoni, lakini hakuona mkono wako unakwenda wapi. Chakula kikiisha, Rispa alirudisha vyombo jikoni, Orpah akaitupia sahani jicho, akaikuta tupu, akaridhika.

Jioni ile Celestine alimega tonge moja, akalishika hadi likapoa. Kisha akalirudisha, akasukuma sahani upande wa Rispa.

“Kula,” alinong’ona.

“Na wewe?”

“Mimi nimeshiba. Maliza yote, na usimwambie Mama. Ukisema, sitakuongelesha tena maisha yangu yote.”

Haya, mtoto wa miaka kumi, mbele yake ugali na samaki wa watu wawili, mlitaka afanye nini? Alikula. Alikula siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Mwanzoni alifurahi, tena sana. Alijiambia kwamba pengine masomo ya darasa la nane yanashibisha.

Baada ya wiki kadhaa, Celestine akawa mtu asiyetulia. Alifagia uwanja asubuhi, akaufagia tena adhuhuri. Alikwenda kuteka maji hali mtungi umejaa. Akiketi, goti lake lilitikisika. Akisimama, alitafuta pa kwenda. Alivaa sweta jua likiwaka. Hali ile ikamwambukiza Rispa. Darasani mwalimu alimwita mara mbili ndipo akasikia, na njiani alitembea akigeuka nyuma kumwangalia dada yake kama mtu anayechunga mbuzi mgonjwa.

“Celestine, kwa nini huli?” alimuuliza siku moja.

“Nakula shuleni.”

Ulikuwa uongo mtupu. Walisoma shule moja, na Rispa alikuwa amemwona akiwagawia wenzake githeri yake, mahindi na maharagwe ya mchana. Lakini alikuwa ametoa ahadi, na mtoto akipewa siri na mkubwa wake huibeba kama yai. Akafunga mdomo.

Mnaikumbuka miaka ile. Kila juma kulikuwa na matanga mahali, na mtu akikonda tu, watu walikuwa wamekwisha kumpa jina la ugonjwa kabla hajafika kwa daktari. Wanawake waliokuwa wakifua ziwani walianza kunong’ona. Msichana mdogo hivyo, walisema, amepata wapi ayaki? Ayaki ndio ukimwi kwa lugha yetu. Maneno yalimfikia Orpah, yakamchoma. Akanunua kikombe cha plastiki, akamwambia Celestine ni chake peke yake, asikinywee mwingine. Alisema ni zawadi. Celestine hakuwa mjinga. Alikitazama, akakipokea kwa mikono miwili, akasema asante.

Orpah akataka kumtengea na sahani, lakini dani akakataa katakata. “Kumtengea mtoto sahani ni kumzika akiwa hai,” alisema. “Watakula pamoja.” Alisema kwa upendo, Mungu amrehemu, na kwa upendo huohuo siri ikabaki palepale ilipokuwa.

Dani alikuwa na maelezo yake. Kwake hiyo haikuwa ayaki, ilikuwa chira, kule kudhoofika kunakompata mtu kwa sababu nyumba yake imevunja mwiko. Na mwiko uliovunjwa aliujua. Mvua za mwaka ule zilikuja mapema, na Orpah, akiogopa zisimpite, alitupa mbegu shambani kabla ya mama mkwe wake.

“Nyar Karungu,” alimwambia, maana ndivyo alivyomwita, binti wa Karungu, “mimi ningali hai, nawe umepanda kabla yangu. Unadhani mahindi hayo yatamlisha nani?”

Orpah alikwenda nyuma ya jiko akalia hadi kanga ikalowa, kwa kuwa aliamini amemuua mwanawe kwa mikono yake kwa ajili ya madebe mawili ya mahindi. Uchungu alikuwa nao wa kutosha. Lakini hebu niambieni, katika uchungu wote huo, ni nani aliyeketi na wasichana wale jioni moja tu, akatazama wakila?

Watoto nao walikuwa na mabaraza yao. Siku moja Caren na Rispa walikuwa wakichambua mboga.

“Mimi najua Celestine ana nini,” Caren akasema. “Anarudi kuwa mdogo.”

“Mtu harudi kuwa mdogo.”

“Yeye anarudi. Alitafuta nguo yake ya darasa la tano akaivaa, ikamtosha. Akafurahi. Akizidi kidogo atakuwa kama mimi, atabebwa mgongoni.”

Rispa alimwambia aache upuuzi. Angejua jinsi yule mdogo alivyokuwa karibu na ukweli! Lakini Rispa alikuwa na wazo lake, baya zaidi, na hakuwa amemwambia mtu. Mikono yake ilikuwa imenenepa. Mashavu yalijaa. Kila mgeni alimsifu. Naye alimtazama dada yake akipungua, akajitazama mwenyewe akiongezeka, akapiga hesabu ya kitoto: nyama ile ile inatoka kwake inakuja kwangu. Mimi ndiye ninayemmaliza.

Alijaribu kugoma. Jioni moja alikunja mikono, akasema hatakula. Celestine alimsihi hadi akapiga magoti, mifupa ya magoti ikasikika kwenye sakafu ya udongo. “Sahani ikirudi na chakula Mama atajua. Nakuomba, Rispa. Nakuomba mdogo wangu.” Dani akauliza kuna nini. Hakuna kitu, dani, Celestine akajibu. Rispa akala, machozi yakimwingia mdomoni, na ugali ukawa kama anameza mchanga.

Mwezi wa Agosti, Celestine alianguka akiwa ametwikwa mtungi wa maji. Wanaume wawili walimbeba hadi nyumbani, na mmoja wao akasema angeweza kumbeba peke yake kwa mkono mmoja. Habari zikapelekwa Migori mjini, alikofanya kazi baba yao, Fanuel, fundi wa magari aliyekuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Akafika Jumamosi, akamwona mwanawe, akashindwa hata kumsalimia.

Kikao kikakaa. Dani alikuwa amesikia sifa za mganga mmoja upande wa Ntimaru. Mganga wa mbali, ndugu zangu, siku zote ndiye hodari. Huyo aliondoa chira kwa dawa ya kutapisha, na mgonjwa wake alikaa siku saba bila kuonja chakula ili tumbo liwe safi. Wakakubaliana Celestine apelekwe Jumatatu alfajiri.

Rispa alikuwa mlangoni ameshika beseni la kunawia mikono. Alisikia neno siku saba. Alisikia neno bila chakula. Wakubwa wote mle ndani walidhani wanahesabu kuanzia Jumatatu, na yeye peke yake alijua kwamba siku zile zilikuwa zimeanza kuhesabiwa tangu Machi. Beseni likainama mikononi mwake, maji yakamwagikia miguu ya wageni, akagombezwa.

Usingizi haukumjia. Alitaka kusema, akaogopa kuachwa na dada yake milele. Alitaka kunyamaza, akamsikia Celestine pembeni yake akipumua kwa shida. Kulipokucha alikuwa bado hajakata shauri.

Jumapili baada ya kanisa, jamaa walikuja kula na kumuaga mgonjwa. Kulikuwa na kuku, ugali, na mboga ya osuga. Celestine alikuwa ameketi kwenye mkeka, leso hadi shingoni. Shangazi yao Priscah, dada ya Fanuel, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, alimvuta Rispa akamfinya shavu.

“Lakini huyu wa pili anapendeza,” akasema. “Ni kama amechukua afya yote ya nyumba hii.”

Lo, maneno mengine husemwa kwa mzaha yakaangukia penye kidonda. Rispa alijitoa mikononi mwake, akasimama mbele ya baba yake.

“Baba, mimi ndiye ninayekula chakula cha Celestine.”

Watu wakatazamana.

“Tangu Machi,” akaendelea. “Kila jioni. Yeye hali kitu. Sahani inarudi tupu kwa sababu namaliza mimi. Msimpeleke kule akae siku saba bila kula. Atakufa.”

“Unasema nini wewe?” Orpah akauliza.

“Muulize mwenyewe.”

Wote wakamgeukia Celestine. Hakuwatazama. Alimtazama Rispa peke yake, na macho yale, makubwa katika uso ule mdogo, yalijaa chuki.

“Nilikuambia usiseme,” akasema.

Hapo hakuna aliyehitaji shahidi mwingine. Orpah, kwa hofu na aibu, akainua mkono kumpiga Rispa, na Fanuel akaudaka.

“Mama Celestine, umpige kwa kosa gani? Sisi ndio tuliokuwa hatuoni.” Kisha akamgeukia mama yake, akainamisha kichwa kwa heshima. “Mama, mambo ya chira nimeyasikia, na tukirudi tutayasema. Lakini kesho mtoto huyu hataenda Ntimaru. Ataenda hospitali, Homa Bay.”

Walimchukua na Rispa pia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na habari za kumweleza daktari. Fikirini hilo: wazazi wawili, nyanya na shangazi, na anayejua habari za mgonjwa ni mtoto wa darasa la nne.

Wodini alikuwapo muuguzi Mkisii aliyeitwa Mokeira, kwa hiyo mazungumzo yote yakawa ya Kiswahili. Vipimo vilichukua siku kadhaa. Vilipotoka, aliwaita.

“Si ukimwi. Si TB. Si tumbo. Huyu mtoto anaogopa kula. Huo ni ugonjwa kama mwingine, na unaua.”

“Sista, mtu aogope ugali?” Orpah akasema. “Mimi ndiye niliyemzaa. Ni kiburi tu cha wasichana.”

“Mama, hakuna mtu anayekondeana hivi kwa kiburi. Muulize anaogopa nini. Mimi natoka. Usimgombeze, uliza tu.”

Orpah akaketi ukingoni mwa kitanda. Akauliza. Celestine alivuta blanketi hadi kidevuni, akampa Rispa kisogo.

“Siku ile ya omena,” hatimaye akasema, “Nicanor alikuambia unitume kwake. Wewe ukacheka.”

“Mwanangu—”

“Ulicheka, Mama. Nikajua siku samaki wakikosekana utanituma. Nikaona nikiwa mdogo tena hutanituma. Halafu baadaye nilitaka kula, nikashindwa. Sijui kwa nini. Nikishika tonge moyo unanienda mbio.”

Orpah aliteremka kitandani akaketi sakafuni. “Nilicheka kwa sababu namwogopa yule mtu,” akasema. “Ningekufa kabla ya kukutuma. Haki ya Mungu, nisingekutuma.”

“Mimi ningejuaje?” Celestine akauliza.

Orpah alishika mguu wa mwanawe uliokuwa umetokeza nje ya blanketi, akaushika tu.

Rispa alitoka nje, akamkuta Mokeira kwenye veranda anakunja mashuka. Akamsogelea.

“Sista, mtu akila chakula cha mwenzake, anamla na mwili wake?”

Mokeira aliacha mashuka. Hakucheka, na kwa hilo nampa heshima. “Nani amekuambia hivyo?”

“Hakuna. Mimi nimenenepa na yeye amekwisha.”

“Wewe ulikula ugali, basi. Ugali ni ugali. Dada yako alishikwa na ugonjwa, na ugonjwa hukuuleta wewe. Umesikia? Kazi ya kuona haikuwa yako, ilikuwa ya wakubwa.” Rispa akalia hapo hapo, kwa sauti, kama mtoto mdogo, na Mokeira akamwacha alie.

Celestine alikaa wodini wiki saba, akianza na uji vijiko vitatu. Msidhani alitoka anakula kama fundi wa mjengo. Alirudi nyuma baada ya Krismasi, akapelekwa tena. Darasa la nane alilirudia. Orpah alikwenda ufuoni, akamwambia Nicanor mbele ya wanawake wenzake kwamba asitaje tena jina la mtoto wake, na tangu siku hiyo hakuna mashua iliyomuuzia omena. Akawa anauza viazi vitamu Magunga, kwa faida ndogo. Nicanor hakufanywa lolote. Nasema hilo kwa uchungu, kwa sababu wazee waliokuwa pale walisema ni mzaha tu.

Dani hakuacha kuamini chira. Lakini sasa kila jioni alimwambia Celestine aketi kando yake, akamshika kifundo cha mkono, akakipapasa kimya, kisha ndipo chakula kikaliwa.

Na Rispa? Dada yake alitimiza ahadi. Miezi minne hakumsemesha. Alimpita mlangoni kama anapita kiti. Mtoto yule alikonda kwa majonzi, hata Orpah akaanza kumhesabia matonge. Hadi siku moja walipokuwa wakifua pamoja, Celestine akasema bila kuinua macho:

“Ungenyamaza, ningekuwa kaburini. Najua. Lakini bado nimekukasirikia.”

“Kasirika,” Rispa akasema. “Mimi niko hapa.”

Wakaendelea kufua.

Funzo la habari hii

Wazazi, sahani tupu haisemi ni nani aliyekula. Ketini na watoto wenu, watazameni wao. Mtoto akikonda, msikimbilie kutafuta jina la aibu au mwiko uliovunjwa. Mpelekeni hospitali, kisha mumuulize anaogopa nini, na mkishauliza, nyamazeni msikie. Mtu akisema neno chafu juu ya binti yako, usicheke ili biashara iendelee. Wewe utasahau ulicheka, lakini yeye hatasahau, na anaweza kuuadhibu mwili wake kwa sababu yako. Na msiwatwike watoto wadogo kazi ya kulinda wakubwa wao, kwa maana watajilaumu kwa mambo ambayo hawakuyafanya.

Nanyi watoto, siri inayomfanya mtu azidi kudhoofika haistahili kufichwa. Semeni kwa baba, kwa mama, kwa mwalimu, na wa kwanza asiposikia, semeni kwa wa pili. Ndugu yako atakununia, pengine kwa miezi mingi, nawe utaumia sana. Mwache anune. Akinuna, bado unaye.